Nimeshusha taa, mbona bado wananipigia fulu?

SWALI: Naendesha Toyota Probox yenye glopu za H4, na mara nyingi natoka Dodoma kwenda Morogoro usiku nikiwa na mzigo nyuma. Glopu za kawaida zilikuwa hafifu, nikaweka za LED. Sasa kila ninayepishana naye ananipigia fulu wakati taa nimeshazishusha. Mimi mwenyewe nikikutana na lori mwanga unanipofusha, kwa muda sioni kitu. Nimeshauriwa ninunue miwani ya njano ya usiku. Itasaidia?

JIBU: Miwani hiyo usinunue. Lenzi ya njano hupunguza mwanga wote unaofika machoni, pamoja na ule kidogo unaorudi kutoka kwa mtu mwenye nguo nyeusi anayetembea kando ya lami. Utajisikia nafuu, lakini yule mtu utachelewa kumwona.

Wanaokupigia fulu hawakuonei. Ndani ya glopu ya H4 kuna nyuzi mbili. Uzi wa taa ya chini umekingwa kwa kibakuli kidogo cha chuma, hivyo mwanga wake hupiga nusu ya juu tu ya kiakisi (kile kibakuli king'aavu cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga), kisha hurushwa chini barabarani. Kiakisi kimechongwa kufuata mahali hasa ulipo uzi huo. Ukihama hata milimita moja au mbili, mwanga huenda kwingine. Glopu nyingi za LED hubandika vyanzo vya mwanga kwenye pande mbili za kibati, na mara nyingi havikai pale uzi ulipokuwa. Matokeo yake, mwanga unamwagika juu, kwenye macho ya anayekuja. Wewe unaona mwanga mwingi karibu na bampa na kudhani taa zimeimarika, kumbe mbele, unakohitaji kuona, umepungua.

Rudisha glopu ya kawaida ya uzi (halojeni) ya H4, volti 12, wati 60/55. Usishawishike na zile za 100/90, kwa sababu joto lake huyeyusha soketi na kuunguza swichi.

Kabla ya kulaumu glopu, tafuta kwa nini zile za mwanzo zilikuwa hafifu. Washa injini na taa, kisha pima betri kwa multimita (kifaa cha kupimia volti); kwa kawaida utapata kati ya volti 13.5 na 14.5. Halafu pima nyuma ya glopu, ikiwa bado imechomekwa. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Halojeni haisamehe jambo hili: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa takriban asilimia 30. Mara nyingi chanzo ni eathi (waya hasi) iliyoshika kutu pale inapofungwa kwenye bodi. Ifungue, isugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, ikaze. Tatizo likibaki, fundi umeme akufungie rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na waya mnene wenye fyuzi kutoka betri.

Kisha pima mwelekeo, maana mzigo wa nyuma huinua pua ya gari, na taa huinuka nayo. Jaza upepo wa matairi sawasawa, simamisha gari kwenye sakafu tambarare, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Kama dashibodi ina swichi ya kuzungusha ya kurekebisha taa, iweke 0 gari likiwa tupu. Ukipakia, panda namba ili mwanga ushuke. Kama haina, pima ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, bandika tepu kwenye usawa wa katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma mita 5. Ukiwasha taa ya chini, mstari unaotenganisha mwanga na giza uwe sentimita 5 hadi 7 chini ya tepu, na ule mwanga unaopanda kidogo uelekee kushoto. Ukipanda kulia, hizo ni taa za gari la nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara, na hakuna skrubu itakayozirekebisha, tafuta nyingine. Skrubu iko nyuma au juu ya taa: izungushe kidogo kidogo, taa moja baada ya nyingine.

Sasa upande wako wa kupofushwa. Pitisha kidole ndani ya kioo cha mbele, chini kabisa karibu na dashibodi. Ukiona alama ya kidole imebaki, umempata mhalifu. Mvuke wa plastiki zilizopigwa na jua, pamoja na mafuta ya kung'arisha dashibodi, huacha utando ambao mchana huuoni; usiku kila taa inayokuja hutawanyika juu yake. Futa kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Nje, badilisha raba za waipa, na usiziwashe juu ya vumbi kavu, maana ndivyo kioo kinavyokwaruzika michirizi.

Lori likikujia na fulu, usimjibu kwa fulu. Mtakuwa wawili msioona. Ondoa mguu kwenye mafuta mapema, macho yashikilie mstari mweupe wa kushoto mpaka mpishane. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hula mita 22 kila sekunde, na jicho lililopigwa na mwanga huhitaji sekunde kadhaa kurudi. Wa nyuma akikumulika, geuza kile kijiti chini ya kioo cha ndani.

Ukiyamaliza haya yote na bado taa za wengine zinaonekana na duara kubwa la mwanga kuzizunguka, nenda kliniki ya macho wakupime mtoto wa jicho. Kama unavaa miwani ya kusomea au ya mbali, wakague pia kama lenzi zimekwaruzika.