Bahasha namba 214

Baba yangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi nikisubiri maziwa yachemke. Umechaguliwa katibu wa kamati ya mipango hapo usharikani kwenu Mwanza, na mchungaji anataka mpango wa miaka mitano: washarika watoke 400 wafike 2,000, mitaa mitano mipya, yaani matawi ya usharika, ifunguliwe, na kanisa jipya la ghorofa. Halafu ukaniuliza, "Mama, malengo makubwa hivi kanisani ni imani au ni kiburi?"

Ukubwa hauniogopeshi. Mwaka 1844 Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwingine angefunga mizigo. Yeye akaota mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya Atlantiki, wakati hata kituo kimoja hakijasimama. Alipoondoka mwaka 1853, afya imemshinda, mnyororo ulikuwa bado ndoto na walioamini ni wa kuhesabu kwa vidole. Mmisionari mwenzake Rebmann alibaki Rabai, karibu na Mombasa, mpaka 1875, macho yamekwisha. Ukiwapima kwa fomu za kamati yenu, wote wawili wamefeli. Lakini Krapf siku zote aliandika maneno ya Kiswahili, moja moja, na kamusi yake ikachapwa mwaka 1882 yeye akiwa ameshakufa. Ndoto ilikuwa kubwa mno, kazi ya siku ikawa ndogo, na gharama alianza kulipa mwenyewe.

Sisi huku tulianzia kwa wengine. Hili sijawahi kukusimulia, ulikuwa bado chuoni.

Tulipitisha kujenga kanisa la watu 1,000 kwa miaka mitatu. Kila kaya ikapangiwa shilingi 150,000 kwa mwaka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mjane sawasawa. Mimi nilikuwa mtunza hazina. Lengo lilipoanza kuchechemea, mzee mmoja akashauri majina ya wasiomaliza ahadi yasomwe kwenye matangazo. Baraza zima likaona ni busara, nami nikiwemo. Ile orodha iliandikwa kwa mkono wangu huu.

Kila kaya ilikuwa na bahasha za kutolea ahadi hiyo, zenye namba yake. Namba 214 ilikuwa ya mama aliyeuza vitumbua pale njia ya shule. Kila Jumapili alitia shilingi 500, wakati mwingine sarafu zina unga. Jina lake lilisomwa mara mbili. Ya tatu hakuwepo. Nikamfuata nyumbani, nikamkuta anaosha karai lake. Hakununa. Alinikaribisha chai, kisha akaingia ndani akaniletea bahasha zake zilizobaki zimefungwa na uzi, akasema, "Mwalimu, nikipata iliyobaki nitarudi kusali." Akahamia kwa binti yake bila kurudi.

Kanisa tulilimaliza mwaka wa saba. Zuri, lina vigae, na mabenchi ya nyuma hukaliwa Krismasi na Pasaka. Na ajabu ni kwamba kuta zenyewe zilisimama kwa mnada wa baada ya ibada: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo mmoja niliyemwona akiuzwa mara tatu asubuhi moja kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Watu walicheka, wakatoa. Zile bahasha za kupangiwa zilituletea deni na minong'ono.

Kuna wazee watakaokutajia Daudi na ile sensa yake ya 2 Samweli 24, wakuambie kuhesabu watu ni dhambi. Usibabaike. Biblia hiyohiyo ina kitabu kizima kinaitwa Hesabu.

Ila jiulize hiyo 2,000 ni kazi ya nani. Paulo anasema, "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Kamati imejipangia kazi ya kukuza, na kwenye kupanda na kumwagilia sijaona umeandika hata mstari mmoja. Nyumba ngapi zitatembelewa kwa mwezi, na nani? Hiyo mitaa mitano ina wainjilisti wangapi walioandaliwa? Na huyo mmoja mliye naye sasa, posho yake hutoka tarehe ngapi? Kama hamjamlipa tangu Agosti, msithubutu kuandika mtaa wa pili. Hapo ndipo ningeweka lengo kubwa la kutisha: kila mgonjwa wa usharika aonwe kila wiki, mwaka mzima, bila kukosa. Jaribuni muone kama ni dogo.

Mchungaji usimpinge kwenye kikao. Nenda kwake jioni, mnywe chai, umuulize kwa upole hiyo namba ameitoa wapi. Huenda kuna mkubwa aliyempa, naye anaibeba peke yake. Na uliza mapema atakayeshindwa ahadi atafanywa nini. Jibu likiwa ni kusomwa jina, hiyo kalamu ya ukatibu irudishe.

Baba yako anakusalimu, mguu umepata nafuu. Bahasha za yule mama ninazo hadi leo kwenye droo ya cherehani, uzi wake haujafunguliwa.

Mama yako