Shangazi, wifi yangu anasema nimeua

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, nimeolewa, na nina mtoto wa miezi minane niliyejifungua kwa upasuaji. Daktari alitushauri tusubiri kabla ya mimba nyingine. Miezi miwili iliyopita kondomu ilipasuka, na kesho yake asubuhi nikameza kidonge cha dharura. Hedhi ilichelewa siku nne, ikaja na damu nyingi kuliko nilivyozoea. Wifi yangu tunakaa naye. Aliokota pakiti, akasoma karatasi ya ndani, akaniambia uhai unaanza yai linaporutubishwa, kwa hiyo nimetoa mimba, nimeua. Sisi ni Wakatoliki. Mume wangu anasema nimpuuze. Lakini tangu siku hiyo sijapokea Komunyo, usiku silali hata mtoto akilala, na ile damu naiona machoni. Je, niliua? Na mtoto huyo nimpe jina, nimwombee?

Mama mwenye mzigo

Marahaba, mwanangu. Sitakuzungusha: kwa yote yanayojulikana kuhusu kidonge hicho, hukuua. Soma tena sentensi hiyo, halafu tuendelee.

Nadhani ulichomeza ni levonorgestreli, kile ambacho wengi hukiita P2. Watu hudhani mimba inatungwa usiku uleule, asubuhi kidonge kinakuja kuifuta. Mwili haufanyi kazi hivyo. Mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku tano zikilisubiri yai, na yai likishatoka kwenye ovari halimalizi zaidi ya siku moja. Kidonge kinalichelewesha yai lisitoke, mbegu zife zikisubiri. Ndiyo maana tunasisitiza kimezwe mapema, ndani ya saa 72.

Na kama yai lilikuwa limeshatoka? Basi kidonge hakikufanya kitu. Watafiti waliowapima wanawake damu na kuwaangalia kwa ultrasaundi, ili wajue hasa yai lilitoka lini, waliona kwamba waliomeza baada ya yai kutoka walipata mimba karibu sawa na ambao wasingemeza chochote. Hapo ndipo nakuomba utulie ufikiri. Kingekuwa kinaliangusha yai lililorutubishwa, wanawake wale wasingepata mimba. Walipata, na mimba zao kidonge hakikuzidhuru.

Wifi yako hakulitunga jambo hili. Kwa miaka mingi karatasi za maelezo za dawa hii ziliandika kwamba huenda inazuia yai lililorutubishwa lisijishikize kwenye mji wa mimba. Yalikuwa makisio ya wakati dawa ilipoidhinishwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliyaondoa maneno hayo kwenye maelezo ya dawa Desemba 2022, baada ya kupitia ushahidi. Lakini karatasi za zamani zimeshasomwa na wengi, na neno la kutisha halisahauliki upesi.

Ile damu, mwanangu. Dozi ile ni kubwa ya homoni, na hedhi inayofuata inaweza kuwahi au kuchelewa, kuwa nyingi au kidogo. Uliyoiona ilikuwa hedhi iliyovurugwa. Usimpe jina mtoto ambaye hakuna anayeweza kukuonyesha kwamba alikuwepo. Ukitaka kuomba, omba, sala haikatazwi. Lakini usimwekee matanga.

Sasa lile swali la wifi yako, uhai unaanza lini. Sitaki kulidharau. Wanaosema unaanza yai linaporutubishwa wana hoja nzito: tangu dakika ile kuna kitu kipya, si cha mama peke yake wala cha baba peke yake, na kikiachwa kikue kitaitwa kwa jina. Kanisa lenu linataka kiheshimiwe kama mtu tangu hapo, na waraka wa Roma wa mwaka 1987 ulilisema hilo waziwazi. Lakini hata ndani ya Kanisa, Mtakatifu Thoma wa Akwino alifuata mawazo ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akafundisha kwamba roho ya kibinadamu huingia baadaye, mwili ukishaumbika kiasi, ingawa aliendelea kusema kutoa mimba ni dhambi kubwa. Waislamu wengi husema roho hupulizwa siku ya 120, wengine husema ya 40. Madaktari wengi huhesabu mimba tangu kiinitete, yaani yai lililorutubishwa likianza kukua, kinapojishikiza kwenye mji wa mimba, siku sita hadi kumi hivi baada ya yai kutoka. Uingereza, kamati iliyoongozwa na Mary Warnock mwaka 1984 ilipendekeza kiinitete kisikuzwe maabara zaidi ya siku 14, kwa kuwa karibu na siku hizo ndipo mstari wa kwanza wa mwili hujitokeza, na kabla yake kimoja bado kinaweza kugawanyika kuwa mapacha. Mapacha hao wamenisumbua mimi mwenyewe miaka mingi. Kama nafsi ni moja tangu mwanzo, yule wa pili alikuwa wapi? Sina jibu, na anayeniambia swali hili ni jepesi, awe wa upande wowote, namwona hajawahi kukaa nalo.

Ila kwako wewe, hata tukimkubalia wifi kila neno, shtaka lake linahitaji kwanza yai liwe limerutubishwa, halafu kidonge kiwe kimeliua. Hilo la pili ndilo ushahidi unalikataa.

Nitakuwa mkweli kwako kuhusu Kanisa pia. Tangu waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, halikubali dawa za kuzuia mimba, na halijabadilika. Padri anaweza kukuambia hapo kuna la kuungama. Basi nenda, lakini ukifika useme ulichofanya: "Nilimeza dawa ya kuzuia mimba." Usiseme "nimeua". Kuzuia na kuua hata Kanisa halivichanganyi. Mwaka 2013 maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani walikubali hospitali za Kanisa zimpe kidonge cha dharura mwanamke aliyebakwa, mradi kiwe ni cha kuzuia yai lisirutubishwe. Kama wangekiona ni cha kuua, wasingekiruhusu hata kwake.

Siku zijazo, tafuteni njia ya kudumu mnayokubaliana nayo, maana kidonge hiki si cha kutegemea kila mara. Ukipendekezewa kitanzi cha shaba kama njia ya dharura, uliza vizuri. Kazi yake kubwa ni kuua mbegu za kiume, lakini kikiwekwa baada ya tendo kinaweza pia kuzuia kujishikiza. Kwa mwenye imani ya wifi yako hilo ni jambo halisi, na una haki ya kulijua kabla.

Wifi yako usigombane naye. Chagua wakati mtulivu, umweleze kidonge kinavyofanya kazi, na umwambie neno "nimeua" limekufanya nini. Asipokubali, muombe asilirudie ndani ya nyumba. Na huyo mume asijifiche nyuma ya "mpuuze". Kondomu ilikuwa yenu wawili na huyo ni dada yake. Yeye ndiye wa kuketi naye.

Kilichonitia hofu zaidi katika barua yako umekipitia haraka: hulali hata mtoto akilala. Miezi miwili ya kukosa usingizi, hatia isiyoondoka na picha zinazorudi machoni, kwa mama mwenye mtoto mchanga, inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ya baada ya kujifungua. Huja hata miezi mingi baada ya uzazi, hupenda kushika jambo lolote la kujilaumu, na ina tiba. Wiki hii, utakapompeleka mtoto kliniki au hata bila yeye, mwambie muuguzi maneno uliyoniandikia mimi. Na kama kuna saa inakujia fikra ya kujidhuru, usisubiri wiki. Mwamshe mume wako usiku huohuo, mwende hospitali.