Kazi ya Kwanza Ipokee, Lakini Zamu Ichague

Ndugu zangu mliotoka Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na kambi nyingine za wakimbizi, nawaandikia kuhusu kazi ya kwanza hapa Marekani. Naishi Kentucky, na Jumapili baada ya ibada watu huniletea barua za kiwandani niwasomee. Nyingi zinatokana na siku ile mtu alipoulizwa, "Unataka zamu ipi?" akajibu, "Yoyote."

Ofisi inayokupokea ina siku 90 tu za kukushika mkono, na ndani ya siku hizo itakuhimiza upate kazi. Kodi ya nyumba haisubiri, na baada ya miezi kama sita utaanza kudaiwa mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Kwa hiyo kazi ipokee, hata ya kufunga maboksi ghalani au kukata nyama. Ila zamu usiikubali kabla hujaipigia hesabu. Zamu ya pili, ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, mara nyingi huongezewa kitu kidogo kwa saa, na ndiyo wageni wengi hupewa. Ukiichukua, utaondoka watoto hawajarudi shuleni na utarudi wamelala. Darasa la Kiingereza la jioni hutaliona. Usiku huo mabasi ya miji mingi yameisha au yamebaki machache, basi unamlipa mwenzako mwenye gari kila wiki, na gari lake likiharibika, wewe pia umekosa kazi. Ile nyongeza inaishia hapo. Mimi ningechukua zamu ya asubuhi yenye mshahara mdogo kidogo, nikasome jioni. Baba na mama, kaeni mpange zamu zenu pamoja kabla yeyote hajasaini.

Siku ya kuajiriwa utajaza fomu ya I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku anayoingia nchini. Mtu wa ofisi ya wafanyakazi akikuambia lazima ulete grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, usirudi nyumbani kimya: wewe hata kuiomba huruhusiwi kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kadi yako ya Social Security (ile yenye namba yako ya hifadhi ya jamii) pamoja na kitambulisho cha jimbo vinatosha, na kama bado hujavipata, I-94 yako ya mkimbizi, ile hati ya kuingia nchini, inakubalika kwa siku 90 huku ukivisubiri. Sheria inakupa wewe haki ya kuchagua hati za kuonyesha kati ya zile zinazokubaliwa.

Ukishaanza, uliza habari ya pointi. Viwanda na maghala mengi huhesabu kuchelewa na kutofika kwa pointi, na zikijaa unaachishwa kazi, hata uwe hodari namna gani. Hapa ndipo watu wetu wanaumia zaidi. Kwetu msiba wa binamu au wa mzee wa ukoo ni msiba wako, unakwenda, na hakuna wa kukuuliza. Hapa kampuni nyingi hutoa ruhusa ya msiba wa mzazi, mume au mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja, basi. Nenda ukalie na wenzako, lakini piga simu kazini kabla zamu haijaanza, omba ruhusa, na uandike jina la aliyeipokea.

Na tafadhali, ukisaidiwa kuandika CV usiseme hujawahi kufanya kazi. Akina mama wamekaa mbele yangu wakasema hivyo, nao waliuza dagaa sokoni miaka mingi, wakahesabu mtaji, wakakopesha na kudai. Hiyo ni kazi. Kuhamasisha afya kambini kwa posho nayo ni kazi. Iandikwe.

Ukitaka kupanda, wengi wetu tunaanzia kwenye usaidizi wa uuguzi, ule watu wanaouita CNA. Kiwango cha chini cha mafunzo kwa sheria ya taifa ni saa 75, kisha mtihani wa jimbo. Kabla ya kulipa chuo, zunguka kwenye nyumba za kutunzia wazee: nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, ikikuajiri au kukuahidi kazi, hairuhusiwi kukutoza ada ya mafunzo hayo. Ninasikitika kila ninapokutana na mtu aliyekopa kwa ajili ya mafunzo hayo. Vilevile msinunue "leseni ya forklift", ile mashine ya kuinulia mizigo, kwenye WhatsApp. Mwajiri mwenyewe ndiye anayewajibika kuhakikisha umefundishwa na kupimwa kwenye mashine yake, na cheti cha kununua hakimwondolei wajibu huo.

Siku 90 za ofisi iliyokupokea zikiisha, tafuta American Job Center iliyo karibu nawe. Huduma zake za kutafuta kazi ni bure, na wanaotimiza masharti huweza kulipiwa mafunzo. Unapopanga miadi, sema mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na siku hiyo beba I-94, kitambulisho na vyeti vyako vyote, hata kile cha ushonaji ulichopewa kambini.