Mkono unaorudi kichwani: majibu kwa wanaojing'oa nywele

Barua za safari hii nimeziweka pamoja kwa kuwa zote zinahusu jambo ambalo watu hulificha chini ya mtandio au kofia: kujing'oa nywele na kushindwa kuacha.

*Binti yangu ana miaka 12. Utosini ana upara usio na umbo, na nikitandua kitanda nakuta nywele. Nimemkemea, nimemchapa, anaapa si yeye. Bibi yake anasema ana jini. – Mama, Mikindani*

Mama, fimbo iweke chini kwanza. Mwanao hafanyi ukaidi. Haya ni maradhi yanayojulikana. Mwaka 1889 daktari wa ngozi Mfaransa, François Henri Hallopeau, aliyapa jina la trikotilomania. Inakadiriwa kwamba katika watu 100, mmoja au wawili hupatwa nayo, na mara nyingi huanza kwenye umri huohuo wa binti yako. Wasiwasi, uchovu au hata kukaa bila shughuli huamsha hamu. Unywele ukitoka anapata nafuu kidogo, kisha inakuja aibu. Aibu nayo inazaa wasiwasi mwingine, mkono unarudi kichwani. Ndiyo maana kila ukimchapa, upara unapanuka.

Wengine hung'oa bila kujitambua, wakisoma au wakisubiri usingizi. Kwa hiyo anapoapa si yeye, huenda hadanganyi.

Bibi aendelee kumwombea, dua haina ubaya. Ila dua iende pamoja na hospitali: Mtwara nenda Ligula, Lindi nenda Sokoine, uulizie huduma ya afya ya akili. Na usidhani kumnyoa kutamaliza jambo. Nywele fupi hazishikiki, ni kweli, lakini hamu ipo palepale, na wapo wanaohamia kwenye nyusi na kope.

*Nitajuaje kama mteja ana mapunye au anajing'oa? – Msusi, Masasi*

Tazama penye mwanga. Mapunye huwa na magamba, huwasha na huambukiza, kwa hiyo kitana ulichomchania usimchanie mwingine. Upara wa mviringo uliokuja ghafla, ngozi laini, mara nyingi ni kinga ya mwili kushambulia mizizi ya nywele. Anayejing'oa huwa na visiki vya urefu tofauti juu ya ngozi safi. Nywele zikiwa zimeisha kwenye paji la uso na pembeni, hapo fundi jitazame wewe: suka za kubana hufanya hivyo. Ukiwa na shaka, mshauri aende kwa daktari. Na tafadhali, usimuulize mbele ya wateja wengine.

*Mimi ni karani wa chama cha msingi. Msimu wa korosho nakesha na madaftari huku najing'oa ndevu na nyusi. Nimeapa kuacha, nashindwa. – Kijana, Nachingwea*

Kiapo peke yake hakitoshi, mdogo wangu. Njia iliyosaidia wengi ilielezwa mwaka 1973 na wanasaikolojia wa Marekani, Azrin na Nunn, nayo ni kuuzoesha mkono kazi nyingine. Siku za mwanzo usishindane na hamu; andika tu ni saa ngapi, umekaa wapi, mkono upi, moyoni kulikuwa na nini. Utashangaa jinsi mambo yanavyojirudia.

Kisha, kila mkono unapopanda, kunja ngumi ubane kiwiko ubavuni, ukae hivyo dakika moja au zaidi. Hamu hupanda, halafu hushuka bila kutimizwa. Hili watu hawaliamini mpaka walione. Kioo na kibano viondoe mezani. Zungushia plasta kidole gumba na cha shahada, maana vidole vikikosa kushika vizuri unashtuka mapema. Hesabu nyingine zifanyie sebuleni penye watu, na mwambie mmoja unayemwamini akukumbushe kwa ishara. Usiku mmoja ukiteleza, usiseme yote yamebomoka.

Kidonge maalumu cha maradhi haya bado hakipo, lakini kama una sonona au wasiwasi mkubwa, daktari anaweza kukutibia hayo.

*Mafuta ya ganda la korosho yanaotesha nywele? – Msomaji, Tandahimba*

Usithubutu. Yanaunguza ngozi, waulize wabanguaji. Mara nyingi mzizi wa nywele bado ni mzima, unahitaji kuachwa tu. Huenda ikapita miezi kadhaa kabla hujaona kitu, kisha nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Aliyeng'oa sehemu moja kwa miaka mingi anaweza kupata makovu, na hapo hazirudi zote.

*Mwanangu wa miaka 9 anang'oa nywele na kuzimeza. Sasa hali vizuri, tumbo linamuuma, anatapika. Nimempa dawa ya minyoo. – Dada, Lindi mjini*

Dada, mpeleke hospitali leo hii. Tumbo haliwezi kusaga nywele. Zinajikusanya, zinakuwa bonge, na bonge hilo linaweza kuziba njia ya chakula hadi lihitaji upasuaji. Usimpe dawa nyingine ya minyoo wala ya kuharisha. Daktari aambiwe wazi kwamba mtoto anameza nywele, kwani asipojua anaweza kutibu kitu kingine kabisa. Ukiona haya kulitamka mbele ya foleni, liandike kwenye karatasi umkabidhi.