Mwalimu Anajibu: Maktaba ina kufuli na Kiingereza hakipandi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo Kidato cha Kwanza, shule ya bweni ya wasichana. Msingi nilisoma kwa Kiswahili na sikuwahi kutoka tatu bora. Hapa karibu kila somo ni Kiingereza, nanakili ubaoni bila kuelewa. Juzi nilisimama nikasema "my mother he is a nurse", darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo sinyooshi kidole. Maktaba tunayo, ila inafunguliwa wakija wageni tu. Nifanyeje?
Binti wa Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza tulimalize hilo la kicheko. Kiswahili kinasema "yeye" kwa baba, kwa mama, kwa shangazi na kwa mjomba. Tangu uanze kuongea, ulimi wako haujawahi kuulizwa kama mtu ni mke au mume ndipo umtaje. Leo unatakiwa uchague katikati ya sentensi, wenzako wote wanakutazama. Kuteleza hapo si ujinga hata kidogo. Nimefundisha Kiingereza miaka 31, na kosa hilo nimelisikia kwa walimu wenzangu kwenye vikao. Nyoosha kidole, mama.

Halafu ujue kwamba hukwenda huko mikono mitupu. Usanisinuru ulishausoma: mwanga, maji, hewa, jani linajitengenezea chakula. Mwalimu wa Baiolojia akiandika "photosynthesis" ubaoni, ni jambo lile lile limebadilishwa jina. Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa, kushoto neno la msingi, kulia la sekondari. Fanya hivyo kwa masomo yote.

Sasa maktaba, na hapa ndipo roho inaponiuma. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walitoa ripoti juu ya Kiingereza katika shule zetu, wakaonyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Mwaka 1987 ukaanza mradi uliofadhiliwa na Uingereza, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Maboksi yalipofika kwetu yakaingizwa stoo, eti wasichana watavipoteza. Yakakaa muhula mzima yakila vumbi.

Nilipopewa ufunguo niliviazimisha kwa daftari la kawaida tu: jina, kitabu, tarehe. Vilikwenda bwenini vikarudi vinanukia mafuta ya nazi, kurasa zimekunjwa pembe, kimoja kikiwa na alama ya kikombe cha uji kwenye jalada. Vitano havikurudi kabisa. Lakini jioni moja alikuja msichana ambaye darasani hakuwa akifungua kinywa. Akasimama mlangoni, akaniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga kama kuna kitabu kingine chenye yule mama wa sokoni. Kilikuwepo. Ningepoteza vitano vingine kwa ajili ya swali lile.

Kwa hiyo nendeni kwa mwalimu wa maktaba, wanne au watano, na msiende na malalamiko. Mwambieni: Jumatano baada ya michezo na Jumamosi baada ya usafi, saa moja moja, sisi tutafuta vumbi, tutaandika daftari, tutarudisha vitabu mahali pake. Mwalimu mwenye vipindi vingi akiona kazi imebebwa, kukataa kunamwia vigumu.

Ukiingia, chagua chembamba. Fungua ukurasa wa katikati na uhesabu kwa vidole vya mkono mmoja maneno usiyoyajua. Vidole vikiisha na ukurasa haujaisha, kirudishe, chukua chepesi zaidi. Usianze na riwaya ya dada zako wa Kidato cha Nne ili uonekane unayo mkononi. Kamusi pia usiifungue kila mstari, utachoka kabla hadithi haijaanza. Ifungue pale tu neno linapokuzuia kujua nani kamfanyia nani nini. Mengine yapite, utakutana nayo tena ukurasa wa mbele.

Ukimaliza cha kwanza, niandikie nani alikuudhi humo ndani.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nimekabidhiwa maktaba ya shule ya wasichana bila mafunzo yoyote. Vitabu nivipange kwa namba za Dewey, zile zinazogawa vitabu vya maktaba kufuata somo?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Mwalimu mwenzangu, vya masomo ndiyo. 420 kwa lugha ya Kiingereza na 820 kwa fasihi yake zitakusogeza, na ukipata nafasi ya kwenda kusoma chuo cha ukutubi Bagamoyo, usiiache. Vya hadithi vipange kwa ugumu: bandika utepe wa rangi mgongoni, kijani kwa vyepesi, njano vya kati, nyekundu vigumu. Vya kijani viwe juu ya meza karibu na mlango, jalada likitazama juu, maana msichana mgeni hatainama kusoma migongo ya vitabu asivyovijua. Na ufunguo wa pili mpe kiranja wa maktaba. Wiki ukisafiri kusahihisha mitihani ndiyo wiki ambayo wasichana wana nafasi ya kusoma.