Mtoto hawezi kufunga vifungo: je, kishikwambi kinaweza kumpima?

Dada yangu wa Ujiji, umeuliza kama kishikwambi kinaweza kuonyesha kwa nini mwanao wa miaka 7 anashindwa vifungo vya shati na mwandiko wake haukai kwenye mstari, huku mwalimu akimwita mvivu. Kinasaidia sana, ila si peke yake. Mimi nafanya tiba kazi, yaani kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku, hapa Kigoma, na watoto wa namna hii naletewa.

Uvivu tuuweke kando. Lipo tatizo la ukuaji katika uratibu wa mwendo, linalokadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule, wavulana zaidi. Mtoto anaelewa vizuri anachotakiwa kufanya, mkono ndio haufuati.

Kwenye karatasi naona mchoro uliokwisha tu. Kioo cha kugusa kinatunza safari nzima ya kidole: kilichelewa kuanza kiasi gani, kilisita wapi, kilitoka nje ya njia kwa milimita ngapi. Watoto wawili huchora mzunguko unaofanana kabisa, kumbe mmoja ameuchora kwa mtiririko na mwenzake kwa kusimama na kuanza upya. Hilo karatasi haisemi, na ndiyo sababu nakithamini kifaa hiki.

Lakini kioo hutambua kidole kwa kuwa mwili unapitisha umeme, nguvu ya kukandamiza hakiipimi. Niliwahi kumpima binti wa kijijini ambaye hakuwahi kushika simu. Alikandamiza mpaka ukucha ukapauka, kiganja kikalala kiooni, programu ikahesabu miguso asiyoikusudia. Tulipomwosha mawese vidoleni na kumwacha achezee kwanza, majibu yakawa mengine kabisa. Mtoto wa mjini anayeshinda kutwa nzima kwenye gemu naye hupata alama nzuri, halafu shati linamshinda. Kwa hiyo lazima tumwone pia akitunga shanga, akidaka mpira, akisimama kwa mguu mmoja.

Usimpime mwenyewe kwa programu ya kupakua, wala kwa vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyopewa walimu. Majibu hulinganishwa na ya watoto wa rika lake, kwa kipimo kilekile. Nenda hospitali ya mkoa, beba daftari lake na video fupi akivaa shati. Waeleze kama alizaliwa njiti au aliwahi kupata malaria ya kupanda kichwani. Na kama kuna jambo aliloliweza zamani na sasa haliwezi, usingoje siku ya kliniki, mpeleke leo.