Nimtaraji arudi, au nimlilie?

*"Assalamu alaykum shangazi. Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa Kaskazini Pemba. Mume wangu alikwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali na nyumbani, wakati wa kusi, yeye na mwenziwe. Ngalawa ilionekana imepinduka, mwenziwe akaokotwa maiti akazikwa, wangu hakuonekana mpaka leo. Huu mwezi wa tano. Wengine wananambia nikae eda, wengine wananambia nikikaa eda ndio namuua mume wangu kwa mdomo. Usiku naacha taa ya ukumbini inawaka, mlango ukilia tu nainuka. Nasali, lakini naona niko gizani. Siku nyengine natamani na mie bahari inichukue. Wifi yangu anasema imani yangu ndogo, mwenye imani halii namna hii. Mwanangu wa miaka saba kaniuliza amuombee baba yake dua ya mtu hai au ya maiti, nikakosa jawabu. Nimtaraji au nimkatie tamaa? Na nikimkatia tamaa, si nishakata tamaa na Mwenyezi Mungu?"*

Waalaykumu salaam, mwanangu. Pole, pole sana.

Nianze na hilo la kutamani bahari ikuchukue. Leo hii, kabla ya Magharibi, mwambie mama yako au dada yako maneno hayo hayo kama ulivyoniandikia mimi. Usilale peke yako na watoto, mtu mzima mmoja ahamie kwako kwa sasa. Kisha nendeni pamoja kituo cha afya, mueleze kwamba hulali na unatamani kufa, muombe muelekezwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tujitibu, akasema Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa. Huzuni ikifika mahali hapo inataka tiba, na kuitafuta hakukupunguzii imani hata chembe.

Sasa hayo ya wifi yako. Usimchukie, aliyepotea ni kaka yake, na wengine machungu yao hutoka kwa ukali. Lakini hilo alilokwambia si kweli. Fungua Suratu Yusuf. Nabii Yaqub alipotelewa na mwana. Aliletewa kanzu yenye damu ya uongo, maiti hakuiona, kaburi hakulijua. Alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, ni aya ya 84 hiyo. Na watu wa nyumbani kwake, wanawe wa kuwazaa, wakamwambia yale yale unayoambiwa wewe: huachi kumtaja Yusuf mpaka ujimalize. Yeye akawajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake na majonzi yake. Huyo ni Nabii wa Mwenyezi Mungu. Nani leo atasimama amwambie imani yake ndogo?

Najua utakalosema: Yusuf alirudi. Kweli, alirudi. Mimi siwezi kukuahidi kwamba mumeo atarudi, na atakayekuahidi, awe mganga au mtu wa kuota ndoto, usimpe hata senti, maana watakuja tu wakishasikia habari zako. Ninachotaka ukiangalie ni miaka ile kabla haijaletwa kanzu ya pili, ile ya habari njema kwamba Yusuf yu hai, ambapo mzee yule alikuwa hana habari yoyote mkononi. Ni katika miaka hiyo, macho yake yameshaharibika, ndipo alipowaambia wanawe wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Ndio maana nataka uyatenge mambo mawili uliyoyafunga pamoja. Kumtaraji mumeo ni jambo moja. Kumtaraji Mola wako ni jambo jengine. Unaweza ukafika siku ukasema, "Mume wangu simtaraji tena," ukamlilia kama anavyoliliwa mume, na usiwe umekufuru wala kukata tamaa na Mungu. Rehema yake haikuwekwa ndani ya ngalawa ile peke yake. Iko kwako, iko kwa watoto wako, na iko kwa mumeo pia, juu ya ardhi au chini ya bahari.

Na mtoto, mjibu hivi. Chuoni kwenye Qur'ani amefundishwa, au karibu atafundishwa, dua ya wazazi iliyomo katika Suratul Israa: Mola wangu warehemu, kama walivyonilea nilipokuwa mdogo. Dua hiyo huombewa mzazi aliye hai na huombewa aliyekufa, kwa maneno hayo hayo. Aiombe kila baada ya sala. Hana haja ya kujua kwanza baba yuko wapi. Na nawe mama yake huna haja ya kumdanganya, mwambie, "Sijui alipo, Mungu anajua." Mtoto wa miaka saba anaweza kulibeba jawabu hilo vizuri kuliko kunyamaziwa.

Kuhusu kusali gizani. Mtume mwenyewe wahyi, yaani ufunuo wa Mwenyezi Mungu, ulimsita kwa muda, mpaka washirikina wa Makka wakasema Mola wake amemuacha. Ikateremka Wadh-dhuha, ikaapa kwa mwangaza wa asubuhi na kwa usiku unapotanda: Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia. Kimya kile hakikuwa kuachwa. Sura hii imo katika Juzuu Amma, mwanao mkubwa bila shaka anaihifadhi. Muombe akusomee kila asubuhi, wewe sikiliza tu. Siku ambazo huna nguvu ya kurefusha, sali faradhi zako na inatosha.

Jengine ni Aya ya Nuru, ya 35 katika Suratun Nur, ambapo nuru ya Mwenyezi Mungu inapigiwa mfano wa taa iliyowekwa ndani ya kidaka. Wengi wetu huishia hapo. Isome na inayofuata, inakwambia taa hiyo imo katika majumba anamotajwa Yeye asubuhi na jioni. Mimi hapo ndipo ninaposhika: usikae kuisubiri chumbani, umejifungia na simanzi yako. Nenda darsa ya wanawake hata ukikaa nyuma kabisa usiseme neno. Jirani akileta sahani ya muhogo, mkaribishe ndani, usipokee mlangoni.

La eda silijibu, wala wasikujibu majirani. Ni la Kadhi. Mume aliyepotea ana hukumu zake katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na mpaka Kadhi ahukumu, mali yake haigawiwi na wewe huhesabiwi mjane. Chukua barua ya sheha wa shehia yenu, uende Mahkama ya Kadhi ya wilaya yako pamoja na bwana diko, msimamizi wa pwani wanapoteremkia wavuvi, na wavuvi walioiona ngalawa, kwani ushahidi wao ndio utakaotazamwa. Muulize Kadhi na suala la kumsalia sala ya maiti. Atakachokwambia kifuate, na wanaokuvuta huku na huku waambie wamuulize yeye. Nasikitika kwamba miezi mitano yote watu wamekupa maneno na hakuna aliyekushika mkono kukupeleka.

Taa ya ukumbini iache iwake mpaka mwenyewe uone basi, asikuzimie mtu. Ila mwambie huyo atakayehamia kwako alale karibu na mlango, mlango ukilia ainuke yeye, wewe ulale.

Ukishatoka kwa Kadhi na kituo cha afya, niandikie walichosema.